Mtoto wa Kilo Sitini na Moja

Alasiri ya Jumatano, wiki tatu kabla ya Idi Kubwa ya mwaka 2005, Nasriya alikuwa jikoni kwake Bawshar, mjini Muscat, akipima vitu kwa mizani ya bafuni. Alishapima jiko la gesi, magodoro mawili ya sponji, sufuria la biriani, begi la viatu, na mwanawe mkubwa Osama, aliyetoka kilo thelathini na nane pamoja na tofi zilizokuwa mfukoni. Kila kipimo alikiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita.

Mumewe, Msellem, alikuwa amenunua karavani kuukuu kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na vitanda vinne, sinki, kabati, na mapazia ya rangi ya karoti. Wangeifunga nyuma ya gari, wende nayo mpaka Dubai, walale humo siku tano nje ya bustani ya michezo ambayo Osama na dada yake Nouf walikuwa wakiizungumza tangu skuli kufunguliwa. Ishaq, fundi wa mtaa wa Ghala aliyeitengeneza karavani, aliwaambia gari lao linaiweza, ila wasizidishe uzito, kwani njia ya Hatta ina vilima. Ndiyo sababu ya ile mizani.

Zamu ikawa ya Aseel, kitindamimba, miaka mitatu na nusu. Nasriya hakumbeba. Alimshika mkono akampandisha. Mshale ukaenda mpaka sitini na moja, ukatulia.

Alimshusha, akaigonga mizani kwa kisigino, akampandisha tena. Sitini na moja. Nasriya mwenyewe alikuwa hamsini na tisa.

Hapo Phyllis akaingia kutoka uani na beseni la nguo. Phyllis alikuwa mfanyakazi wao wa ndani, Mkenya wa upande wa Kitale, na mwaka wake wa pili kwao ulikuwa unaishia. Alipovuka kizingiti tu, mshale ukaanza kurudi, taratibu, mpaka kumi na nne.

"Mama, hii kanzu ya Osama imechanika kwapani," Phyllis alisema. "Niishone ama niwache?"

"Ishone."

Phyllis akatoka kwenda kutafuta sindano. Mshale ukapanda tena mpaka sitini na moja. Nasriya akaandika: *Aseel, 61*. Akafikiri kidogo, akaongeza pembeni: *Phyllis akiwepo, 14*.

Hakushangaa sana. Tangu Ramadhani alikuwa akiona tabu kumnyanyua mtoto. Alidhani ni mgongo wake, kwani kutwa alikuwa akikaa kitini wizarani, na daktari alimpa dawa ya kuchua yenye harufu ya mnanaa. Sasa alijua mgongo wake hauna neno. Kilichomuuma kilikuwa kitu chengine. Baadaye kidogo alimwona Phyllis, kupitia dirishani, akimrusha Aseel juu na kumdaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukianika shuka.

Usiku huo huo angeweza kumwita Phyllis asimame karibu, naye ambebe mwanawe kama zamani. Lakini Nasriya hakutaka. Kuliko kumbeba mwanawe kwa idhini ya mtumishi, alijiambia, ni bora asimbebe.

Akaanza kufanya mambo yake. Aliomba ruhusa kazini atoke saa sita. Alimkosha Aseel mwenyewe, akamlisha mwenyewe, akamsimulia hadithi za sungura alizosimuliwa na bibi yake Unguja, na kila zikimalizika alimweka juu ya mizani. Siku ya tatu mshale ulisoma sitini na mbili. Alimtuma Phyllis Matrah kununua vitu ambavyo vilikuwa vimejaa kabatini, hina, ndimu kavu, mishumaa, ili apate saa tatu za peke yake na mtoto. Aseel alikaa mlangoni saa zote tatu, na vigae vya mlangoni vikapata ufa.

"Utakuja kunambia nini, mwanangu?" Nasriya alimuuliza. "Nimekukosa nini mie?"

"Filisi amekwenda wapi?" alisema Aseel.

Alipolieleza jambo lenyewe kwa Msellem, Msellem alikuwa akisoma kijitabu cha karavani. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Basi Phyllis twende naye," alisema. "Atalala chini, na Aseel. Mbona rahisi."

"Phyllis hendi."

"Na kilo arubaini na saba zote hizo tutaziweka wapi?"

"Tutapunguza vitu."

Walipunguza. Waliacha jiko la gesi, magodoro, na sufuria la biriani. Nouf aliambiwa achague viatu jozi moja, akalia, akachagua. Ijumaa, baada ya sala, walikwenda Ghala kuijaribu karavani, na Phyllis akaachwa nyumbani. Ishaq, mzee mwenye mafuta ya gari mpaka kwenye kope, aliifunga karavani nyuma ya gari kwa chuma chake, akawaambia waingie wote. Waliingia mmoja mmoja. Aseel alipokanyaga ngazi, tairi za karavani zikabonyea na chuma kikapinda kama kijiko.

Ishaq alichuchumaa, akakiangalia.

"Huyu mtoto ana mtu wake," alisema. "Mwaka jana alinijia bwana mmoja wa Maabela, mtoto wake kilo mia na kumi. Na wao walikuwa wenda Salala."

"Wakafanyaje?" aliuliza Msellem.

"Walimchukua yaya. Walifika salama." Ishaq alijifuta mikono kwa kitambaa. "Chuma nitakinyoosha. Lakini mama, usinirudishie huyu tena hapa bila ya mtu wake, mie nna kazi nyingine."

Nasriya alirudi nyumbani akiwa amekaa kiti cha mbele. Nyuma yake Nouf alikuwa akiuliza kama sasa anaweza kurudishiwa viatu vyake.

Jumamosi jioni Phyllis alikuja sebuleni, akasimama pale pale alipokuwa akisimama siku zote, kwenye ukingo wa zulia.

"Mama, nilikuwa nataka kuuliza. Januari ndiyo hii. Miaka yangu miwili inaisha tarehe kumi na nane. Mlisema nitaenda nyumbani miezi miwili."

"Nnajua tulichosema."

"Sasa nasikia kwa watoto kwamba naenda Dubai."

Nasriya alikuwa bado hajakata shauri. Alipolisikia neno hilo kinywani mwa Phyllis, kwamba watoto walishamwambia, na kwamba Nouf na Osama nao huwa wanamwendea na habari zao kabla hata hazijamfika mama yao, alilikata hapo hapo.

"Ukisharudi kutoka Dubai tutazungumza."

"Mama, nina mtoto pia."

"Sote tuna watoto, Phyllis."

Phyllis aliomba basi apige simu. Alikuwa na kadi. Nasriya akamruhusu atumie simu ya ukumbini, naye akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanyanyua ile simu ya pili taratibu, akaiweka sikioni. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Aliziba sehemu ya kusemea kwa kiganja.

Mama yake Phyllis alikuwa akisema kwa sauti kubwa, kama watu wanaodhani umbali unavukwa kwa makelele. Alisema mahindi yamevunwa. Alisema paa la jikoni limetengenezwa. Kisha akasema Sammy, mtoto wa Phyllis, amevunja kitanda cha tatu.

"Ako kilo ngapi sasa?" Phyllis aliuliza.

"Nani anajua? Tulimpeleka kwa mizani ya mahindi, ndugu yako Cornelius akasema mizani imefika mwisho. Shuleni mwalimu anamkalisha chini. Wakati ule wa malaria wanaume wanne walijaribu kumbeba juu ya mlango, na mlango ukavunjika, tukaita trekta."

"Na anakula?"

"Anakula kama watoto wengine. Si mafuta, Phyllis. Ni mwembamba, mbavu unahesabu. Ni uzito tu. Tangu ile siku ulipanda basi. Mimi nilimnyanyua asubuhi hiyo ukiwa hapa, kufika jioni sikumuweza tena. Hakuna mtu amembeba huyu mtoto miaka miwili." Laini ikakwaruza. "Njoo umbebe, hata siku moja. Atakuwa mkubwa sasa hivi, hatataka kubebwa."

"Wanasema baada ya Dubai," Phyllis alisema.

Nasriya alirudisha simu mahali pake kwa uangalifu asisikike. Alikaa pale kitandani mpaka adhana ya Isha. Alijua kwamba mtu mwengine, mtu mwema, angekuwa anamhurumia mtoto yule aliyelala sakafuni Kitale. Na kweli alimhurumia, kama unavyomhurumia mtu kwenye habari za televisheni. Lakini alichokihisi hasa kilikuwa ni wivu, mtupu, wa kumkausha ulimi. Kuna mtoto mahali fulani aliyemwekea mama yake uzito wake miaka miwili, hakumgaia bibi, hakumgaia mjomba, hakumgaia mwalimu. Naye Nasriya, aliyelala nyumba moja na mwanawe, chumba cha pili tu, hakuwekewa hata ratili.

"Phyllis ana wawili," alimwambia Msellem usiku. "Mie sina hata mmoja."

"Una watatu," alisema Msellem, akajigeuza upande wa pili.

Siku ya pili ya Idi waliondoka alfajiri. Phyllis alikaa kiti cha nyuma, Aseel mapajani mwake, na gari likaivuta karavani kama si kitu. Walirudisha jiko la gesi, magodoro, sufuria, na viatu vyote vya Nouf. Walipita Barka, Suwaiq, wakala mkate wa chila Sohar. Vilima vya Hatta walivipanda kwa gia ya tatu. Mpakani Nasriya alizitoa pasi zote sita kwenye mkoba wake, akampa askari, akazipokea, akahesabu sita, akazirudisha mkobani na kufunga zipu.

Bustani ilikuwa na kelele nzuri. Msellem aliwachukua wakubwa kwenye treni inayopinduka kichwa chini. Nasriya alibaki na Aseel na Phyllis mbele ya gurudumu kubwa la kupandia watu, lenye vibanda vya kioo, refu kuliko jengo lolote la Muscat. Aseel alilinyooshea kidole.

"Nitampandisha mimi," alisema Nasriya. "Wewe tusubiri pale, kwenye benchi."

Phyllis akaenda kwenye benchi. Nasriya alilipa tiketi mbili, akamwongoza Aseel kwa mkono mpaka ndani ya kibanda, mlango ukafungwa. Gurudumu likanguruma. Halikusogea. Likanguruma tena, na juu kabisa watu wakaanza kuchungulia. Kijana wa Kihindi aliyekuwa kwenye mitambo alizima, akaja, akafungua mlango. Alimtazama Aseel, akatazama sakafu ya kibanda ilivyobonyea, kisha akatazama pande zote mpaka akamwona Phyllis kwenye benchi.

"Yule?" aliuliza kwa Kiarabu, kwa adabu.

Nyuma yao mstari wa watu ulikuwa ukisubiri. Mwisho Nasriya aliinua mkono, akamwita Phyllis.

Phyllis aliingia, akakaa mbele yao. Gurudumu likaanza kuzunguka, na kibanda kikapanda polepole, kikayaacha maduka ya aiskrimu na muziki. Aseel aliogopa kidogo. Badala ya kwenda kwa Phyllis alimpandia mama yake mapajani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Alikuwa mwepesi. Nasriya alikuwa ameshasahau. Alimwinua, akamsimamisha juu ya magoti yake, akamwinua tena mpaka kichwa cha mtoto kikagusa dari, naye akacheka, na nywele zake zikanuka sabuni na biskuti. Kilo kumi na nne, labda kumi na nne na nusu. Nasriya alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Hakujali tena kwa idhini ya nani.

Juu kabisa kibanda kilisimama. Dubai ilionekana yote, na jangwa nyuma yake, na bahari.

"Mama," Phyllis alisema, macho yake nje ya kioo, "nyumbani kwetu ni upande gani?"

Nasriya alifikiri, akaonesha kwa kidevu, kusini kidogo na magharibi. Phyllis aligeuka upande huo, akakaa hivyo, viganja vyake vikiwa wazi juu ya mapaja. Na Nasriya, shavu lake kwenye shavu la mwanawe, alipiga hesabu ya haraka. Aseel angeanza skuli miaka miwili na nusu ijayo. Likizo ya Phyllis ingengoja mpaka hapo. Labda wangemwongeza mshahara kidogo, na kadi za simu.

Gurudumu likashuka. Kijana wa Kihindi akawafungulia mlango, akauliza kama wametosheka. Nasriya alisema bado. Alimshika mtoto kiunoni kwa mkono mmoja, akafungua mkoba kwa mkono wa pili, na akalipa tiketi tatu.