Mchicha wa Kando ya Reli

Fondo alikuwa akisaga mchicha gizani, kinu kikiwa ndani ya beseni la barafu. Mwanga haukutakiwa, joto halikutakiwa, na maneno pia hayakutakiwa, kwa kuwa mtafiti Nabiha alikuwa ameinamia mashine kwa siku ya tatu na mstari kwenye skrini ulikuwa umelala vile vile.

Kabla ya kuajiriwa na maabara ya chuo, Fondo alikuwa kuli wa bandarini Shimanzi kwa miaka kumi na tisa. Ndiyo maana Nabiha alipomweleza kwinoni ni nini, alielewa upesi kuliko wanafunzi. Ndani ya jani mna protini ambayo jua likiipiga hutoa elektroni. Kwinoni, molekuli ndogo, huja tupu, hukaa mahali pake kwenye protini, hupakiwa elektroni mbili, huondoka nazo, na nyingine huja. "Kuli huyo," Fondo alisema siku ile, na Nabiha akacheka. Kwa miaka minne binti huyu wa Mji wa Kale alikuwa akitengeneza kwinoni yake mwenyewe, aone kama itabeba upesi zaidi.

Sasa aliiacha mashine, akafungua kompyuta.

"Namwandikia profesa. Naacha."

"Kwinoni yako imekataa kubeba?"

"Si yangu pekee, Mzee Fondo. Hata ile ya asili, ambayo sikuigusa, haipitishi kitu. Basi ni mikono yangu. Sina mikono ya kazi hii."

Fondo aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Angeweza kunyamaza. Kibarua chake kilikuwa cha mwezi kwa mwezi, na agizo lilikuwa moja tu: mchicha ununuliwe sokoni Marikiti, kwa mama yule yule. Lakini mficha uchi hazai.

"Bi Nabiha, usiipeleke barua. Mchicha huu si wa Marikiti. Ni wangu."

"Wako vipi?"

"Nimeupanda mwenyewe kando ya reli, nyuma ya chumba changu. Nilitaka na wangu uingie kwenye mashine. Juma lililopita walipita watu kunyunyiza dawa ya magugu. Majani yakawa ya manjano pembeni. Nikayakata yale manjano kwa kisu, usiyaone."

Nabiha aliacha kuandika.

"Dawa nyingine za magugu hukaa pale pale pa kwinoni," alisema polepole. "Yaani kuli yuwaja, akuta mahali pake pamekaliwa. Mzigo wakwama." Akaifuta barua. "Alhamdulillahi. Si mikono yangu."

Fondo alingoja kufukuzwa. Hakufukuzwa, akafurahi mno, akachukua kinu akakioshe.

"Na mchicha uliobaki uko wapi?" Nabiha aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nyumbani."

"Mwaula?"

"Tangu Jumatatu. Mke wangu Trizah aupika kwa nazi. Wajukuu wako likizo, wanaupenda." Kinu kilimtulia mkononi. "Yadhuru watu?"

"Sijui, mzee. Mimi najua majani tu. Mpigie simu."

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Fondo alitoka hadi barazani, mikono ingali ya kijani, akapiga. Simu iliita. Trizah hapokei simu akiwa anapakua chakula. Ndiyo tabia yake tangu zamani. Iliita mpaka ikakatika, naye akapiga tena.