Nyambizi ya Tatu

Asubuhi ile mratibu alikuwa na nyambizi tatu baharini, hakuna hata moja yenye mtu ndani. Zilijiendesha zenyewe; yeye, akiwa ghorofa ya pili ya kituo cha kupima bahari, mbele ya skrini mbili na feni yenye kikohozi, alizipangia njia zisigongane. Kila nusu saa ziliibuka, zikatuma vipimo, zikazama tena.

Saa tatu, mbili kati yake ziliibuka na habari mbaya. Maji yasiyo na oksijeni yalikuwa yakitambaa chini kwa chini kuelekea vizimba vya samaki. Ya tatu, ambayo mafundi waliiita Bwana Mzito kwa uvivu wake, ilikaa kimya.

Msimamizi wa vizimba alikuwa wifi yake. Mwaka uliopita mratibu alimpigia simu kwa habari kama hiyo. Wafanyakazi wakahamisha vizimba kutwa nzima, vifaranga wakafa kwa msukosuko, kumbe maji yalikuwa safi. Kipimo ndicho kilichoharibika. Miezi minne wifi hakukanyaga kwake, na mumewe akageuka tarishi wa salamu kati ya mke na dada.

Kwa hiyo safari hii alimwuliza kwanza mkuu wa kituo. Mkuu, macho kwenye makaratasi, alisema wasubiri ya tatu. Mratibu alishukuru moyoni kwamba uamuzi umetoka kinywani mwa mtu mwingine. Akasubiri, roho juu. Ilipofika saa nne uzalendo ukamshinda, akapiga simu.

"Mara hii una uhakika?" wifi aliuliza.

"Sina. Lakini vihamisheni, wifi. Sasa hivi."

Alisikia wifi akiwaita watu wa boti kabla hata simu haijakatika.

Vizimba sita viliokolewa. Viwili havikuwahi. Mratibu alipofika gatini mchana, samaki walikuwa wakielea matumbo juu, na wafanyakazi wakiwachota kwa nyavu. Watu wa boti walikuwa wameikuta nyambizi ya tatu imenasa kwenye kamba ya nanga. Vipimo vyake vilikuwa sawa na vya wenzake.

Wifi alimjia, suruali imelowa hadi magotini.

"Ulijua saa ngapi?"

Jina la mkuu lilimjia mratibu mdomoni, akalimeza. "Saa tatu."

"Na hiyo saa nzima ulikuwa unaogopa nini?"

"Wewe."

Wifi hakufoka, na hilo ndilo lililomkata maini mratibu. Kisha akageuka, akarudi kwenye nyavu. Mratibu akavua viatu, akamfuata. Wakachota samaki bega kwa bega mpaka jioni.

Nyumbani alimweleza mumewe yote kabla hajaulizwa. Mume akakaa na simu mkononi, asijue ampigie dada yake aseme nini. Kesho yake mratibu aliandika utaratibu mpya: nyambizi mbili zikikubaliana, vizimba vipigiwe simu papo hapo. Mkuu alisema atausoma. Wiki ya tatu sasa, bado anausoma, na mratibu anaufuata bila sahihi yake.