Aliyesimama Kabla ya Wateja

Katika mtaa ule, mtu akitaka kwenda Paris alivuka barabara, akalipita duka la vyuma chakavu, akagonga mlango wa Pozi mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mapazia matano ya kuchorwa, yametundikwa kwenye waya kama nguo zilizoanikwa. Pazia la kwanza lilikuwa na mnara wa Paris. La pili, piramidi za Misri na ngamia ambaye mchoraji alimpa macho ya binadamu, mwenyewe anajua kwa nini. La tatu lilikuwa Venisi, mji wa barabara za maji. La nne lilikuwa ufukwe wa kisiwa fulani kisicho na jina, mchanga mweupe pe. La tano, milima ya theluji ya Uswisi, na mbele yake gogo la kweli kabisa la kukalia.

Kila mteja alikuwa na kwake. Fundi viatu wa pale kona, ambaye hata daraja la kutokea mjini hakuwa amelivuka, alikwenda Paris kila mwisho wa mwaka akiwa na suti ya kuazima. Wachumba walikimbilia Venisi. Muuguzi wa zahanati hakutaka kusikia kingine ila theluji, na alikuja na koti zito huku jasho likimtiririka hadi shingoni. Pozi aliwajua wote. Mtu akitokeza kichwa tu mlangoni, mkono wa Pozi ulikuwa umeshafika kwenye pazia lake. Alijivunia jambo hilo kuliko hata picha zenyewe, na mtu aliyekuwa tayari kumsikiliza alimwona anavyovimba.

Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani, ya miguu mitatu, zile ambazo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi akachungulia kwenye kioo cha nyuma. Filamu moja, picha moja, na filamu zilikuwa adimu. Ndiyo maana kabla mteja hajaitwa, ilibidi mtu mwingine asimame mahali pake, taa zipangwe, lenzi irekebishwe mpaka sura ikae sawasawa. Mteja ukimsimamisha muda mrefu ananuna, na picha ya mtu aliyenuna hakuna anayekuja kuichukua. Huyo wa kusimama alikuwa mke wa Pozi.

Basi mama huyo alizunguka dunia. Asubuhi yuko Paris, kabla ya chakula yuko Misri, jioni Venisi, na katikati ya safari hizo anakimbia jikoni kugeuza sufuria.

"Leo unanipeleka wapi, Bwana Pozi?"

"Misri."

"Tena? Yule ngamia ameshanizoea, siku moja ataleta posa."

"Usinichekeshe, kamera inatikisika," Pozi alisema chini ya kitambaa. "Tulia. Kidevu juu. Hapohapo." Kisha, lenzi ilipokaa sawa, "Haya, toka. Mwite mteja."

Mke alitoka, mteja akaingia, filamu ikapigwa. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu walipooana hadi mvi zikawaota. Mara mojamoja mke alisema, "Na mimi je? Nipige hata moja." Naye Pozi alijibu bila kutoa kichwa nje, "Wewe si upo? Utaniponyoka uende wapi? Acha hizi za wateja kwanza." Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa bahili wa roho. Alikuwa mume kama waume wengi, anayemwona mkewe kila siku akadhani kila siku hazina mwisho.

Kisha mama akaugua. Tumbo lilianza kama mchezo, likamlaza, likamkausha. Pozi alipoona hali imekuwa hali, aliibeba kamera na miguu yake mitatu akaisimamisha chumbani, pembeni ya kitanda. Mkewe aliitazama, akageukia ukutani.

"Usinipige na sura hii," alisema. "Nikipona."

Hakupona. Alizikwa siku ya mvua, na binti yao wa pekee hakuwahi mazishi. Alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, akiwatunza wazee wa watu wengine, na mpaka aruhusiwe, mpaka apate ndege, mama yake alikuwa ameshafukiwa. Aliingia na begi lake, akapita katikati ya waombolezaji, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akakuta godoro limeondolewa. Alilia kilio ambacho hata majirani waliozoea misiba walishindwa kukaa nacho ndani, wakatoka.

Alipotulia alikuja kukaa karibu na baba yake. Mjomba wake, kaka wa marehemu, alikuwa papo hapo.

"Baba, nina siku chache tu kabla sijarudi kazini," alisema. "Sikumwona akiondoka. Nataka picha yake, kubwa, niitundike chumbani kwangu kule. Sitaki kitu kingine chochote hapa ndani."

"Ipo," Pozi alisema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Ikosekane vipi?" mjomba akadakia. "Shemeji yangu huyu amempiga picha kila kiumbe cha mji huu, mpaka mbuzi wa mwenye baa."

Pozi aliingia chumba cha giza, anamosafishia picha, akajifungia. Alishusha maboksi, akainua filamu moja moja mbele ya taa. Aliwaona wateja wake wote, wengine watoto ambao sasa ni baba za watu, wengine marehemu. Mkewe hakuwemo. Picha ya harusi yao ilikuwepo, lakini paa lilivuja juu yake mwaka ule wa mafuriko, na kilichosalia ni jozi mbili za viatu na pindo la gauni. Alikaa chini sakafuni. Hakujua atatokaje mle ndani.

Alipotoka, shemeji yake alikuwa ameshachoka kungoja.

"Vipi? Si kuna hata ile ya kitambulisho?"

Kitambulisho kililetwa. Picha yake ilikuwa ndogo kama ukucha, imefifia, na mwanamke aliyemo angeweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kukasirishwa na karani. Binti aliitazama akairudisha juu ya meza.

"Huyu siye. Baba, zile za studio ziko wapi? Mama alikuwa anasimama kule kila siku. Nilikuwa namwona mimi kwa macho yangu."

"Alikuwa anasimama tu, mwanangu. Sikuwa nafyatua."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Binti alikisukuma kitambulisho mbali.

"Fundi viatu anazo ngapi?" binti akauliza.

Pozi aliinamisha kichwa.

"Baba, nakuuliza. Fundi viatu anazo ngapi?"

Usiku huo baba na binti walilala bila kuagana, na nyumba nzima ilikuwa nzito.

Asubuhi alikuja kutoa pole mchora mabango, rafiki wa Pozi wa tangu ujana, yuleyule aliyechora mapazia. Alikuwa mzee wa vidole vyenye rangi isiyotoka, mwenye kupenda mizaha, ingawa siku hiyo aliiacha nje. Alisikia habari ya picha kutoka kwa mjomba, maana mjomba hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Akamgeukia Pozi.

"Nitamchora mimi. Tena vizuri. Sura yake naikumbuka juujuu tu, lakini wewe umemwangalia kuliko binadamu yeyote alivyowahi kumwangalia mwenzake. Siku nzima, kwa kioo! Wewe sema, mkono wangu utafuata."

Pozi alihisi pumzi inamrudia. Kweli kabisa. Nani alimtazama mwanamke yule kama yeye? Alimkazia macho maelfu ya mara, akapima mwanga kwenye shavu lake, akangoja mpaka kila ukope uonekane peke yake. Alichokosa ni karatasi tu. Sura alikuwa nayo. Akamtazama binti yake, na binti, ingawa macho yalikuwa yamevimba, akaitikia kwa kichwa.

Wakaingia studio watatu. Mchoraji aliegemeza ubao ukutani, akachukua kipande cha mkaa.

"Kwanza, nimuweke wapi? Pazia gani?"

"Uswisi," Pozi alijibu papo hapo. "Hapo ndipo alipopapenda. Muuguzi akija, mama huyu alikuwa wa kwanza kufika kwenye theluji, na nikimwambia atoke anachelewa kutoka. Nilikuwa nikimwambia tukizeeka nitampeleka kweli."

Binti alicheka kidogo, kicheko kibaya cha mtu anayetaka kulia.

"Baba, alikuwa anafuata gogo."

"Gogo gani?"

"Hili. Pazia lile tu ndilo la kukaa. Kwingine kote alikuwa anasimama, na miguu ilikuwa inamuuma. Aliniambia mwenyewe, 'Nashukuru yule muuguzi, akija napumzika.' Theluji alikuwa haipendi hata kuitazama. Alisema inaonekana kama kitanda cha hospitali."

Pozi alilitazama lile gogo. Lilikuwa limelainika katikati.

"Sasa alipenda wapi?" aliuliza.

"Hakupenda popote hapa. Alikuwa anataka kuja kwangu. Kila nikipiga simu ananiuliza chumba changu kikoje, dirisha linatazama wapi, jiko liko upande gani wa kitanda. Anasema, 'Siku nikipata safari ya kweli sitaki minara ya watu, nataka kuona mwanangu analala wapi.' Sikuwa na nafasi ya kumleta. Na sasa nitarudi mwenyewe."

Hapo alishindwa kuendelea, na mchoraji akajifanya anachonga mkaa ambao hauchongwi. Baadaye binti alifuta uso akakieleza chumba: dirisha moja refu, kitanda cha chuma, jiko la sahani moja, kiti. Mchoraji alichora kiti kwanza. Mama akaketishwa juu yake.

Kisha wakaja kwenye uso, na hapa Pozi alisimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake. Alifumba macho. Mkewe akamjia safi, na taa shavuni. "Paji pana," alisema. "Nyusi nene, zinakaribia kukutana. Pua fupi. Mdomo wa chini umejaa kuliko wa juu." Mkaa ulikwenda, na kweli, kidogo kidogo, mtu alianza kutokeza kwenye ubao. Binti alijishika mdomo. "Ni yeye," alinong'ona. "Baba, ni yeye."

Pozi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alisema moyoni kwamba deni lake kwa mwanamke yule huenda likasameheka.

"Na lile kovu la mafuta ya moto," mchoraji akasema, "lile la chini ya jicho. Lilikuwa upande gani?"

"Kushoto kwake," Pozi alisema.

"Kulia, Baba," binti akasema polepole.

"Kushoto. Naliona hapa ninapozungumza nawe."

Binti alisogea mbele yake, akaweka kidole chini ya jicho lake mwenyewe la kulia. "Lilikuwa hapa. Nilikuwa nalibusu kila siku kabla sijalala. Baba, ni hapa."

Mchoraji alitazama chini. Yeye aliijua kamera ile. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera kama ile mtu huonekana kichwa chini miguu juu, na kulia kwake kumehamia kushoto. Wateja hawana tatizo, maana mpiga picha huwaona tena wakitokeza kwenye maji ya chumba cha giza wamenyooka, kila kitu mahali pake. Mke wa Pozi hakuwahi kutokeza kwenye maji yale. Na nyumbani, mbele ya chakula, mumewe alikuwa akila ameinamia sahani, akiwazia taa za kesho.

Pozi alifumba macho tena. Alijaribu kumwona mkewe mezani, mlangoni, akitoka sokoni, akiwa amelala pembeni yake. Kila alipomshika alimjia yuleyule wa kwenye kioo, ametulia, kidevu juu, kovu upande usio wake. Mwingine hakuwepo. Alitafuta, akatafuta, mpaka machozi yakampenya kwenye kope zilizofumbwa, na hakuyafuta.

Mchoraji alikuwa bado ameshika mkaa hewani. Hakujua amfuate nani.

"Mfuate huyu," Pozi alimwambia. Akaketi kwenye lile gogo, akamshika binti yake mkono, akamvuta karibu.

"Mwanangu," alisema, "niambie taratibu, na usiruke kitu. Mama yako alikuwa anafananaje?"