Makoti Yaliyotoka kwa Kitabu ya Gicheru

Hapana, haikuungua. Hiyo ya kuungua ni Kemboi alisema. Kitabu ilikuwa kwa sanduku ya mabati chini ya kitanda yake, imefungwa na gunia safi, na haikuwa na hata harufu ya moshi. Ngoja nikae vizuri, hii mgongo inanisumbua, nikwambie vile ilikuwa.

Jerono, bibi ya Kemboi, alikuwa anaanika mahindi kwa turubai. Jua imewaka, kuku anafukuzwa anarudi. Akainua macho akaona koti nyekundu imesimama kwa fensi. Haikuwa na mtu ndani. Ilikuwa na vifungo za dhahabu, suruali nyeupe chini, na kofia ya manyoya juu, pahali kichwa ingekuwa. Ilikuwa inaangalia shamba ya upande wa mto.

"Baba Chepkemoi," akaita, "moja imetoka."

Kemboi akaingia nyumba, akavuta sanduku, akafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe kama sahani. Akafunga.

"Wacha isimame," akasema. "Haili mahindi."

Sasa, hiyo kitabu ilikuwa ya Gicheru. Gicheru alikuwa fundi wa nguo hapo Kitale miaka ya themanini, na shamba yake ilipakana na ya Kemboi, ndio hiyo ya upande wa mto. Mzungu mmoja mzee alikuwa amechora ndani, na ile rangi ya kuchanganya na maji, nguo za askari wa nchi mingi, halafu akaifunga na ngozi laini, karatasi ikapakwa dhahabu pembeni. Alipouza ng'ombe zake akaenda kwao, akamwachia Gicheru, kwa sababu Gicheru akiona hizo picha alikuwa anaangalia mshono. Basi Gicheru akaiweka karibu na cherehani. Mteja akija ananawa mikono kwanza, anafungua, anachagua. Ndio maana Kitale ya wakati huo ungeona watchman wa duka ya mbolea na kamba ya dhahabu kwa kifua, analinda gunia kama mtu wa kulinda malkia. Wapiga ngoma wa kanisa, manyoya kwa kofia. Kemboi mwenyewe alioa na koti ya kijani ya hiyo kitabu. Gicheru alikataa kulipwa.

"Sasa hata jirani nimuuzie?" alisema.

Halafu ikakuja ile mwaka ya tisini na mbili, watu wakachomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Hiyo sitaki kuongea sana, chakula haitashuka. Gicheru na bibi yake Wacera walitoka asubuhi na godoro na cherehani kwa mkokoteni. Wakapita kwa Kemboi, wakamwachia kitabu. Na huku kwetu, mtu akikuachia kitu yake, huyo hajahama. Ametembea tu. Shamba yake unaiangalia, huilimi. Kemboi aliipokea na mikono mbili.

Nyasi ikamea huko kwa Gicheru mpaka kwa goti. Kemboi akaona heri apande kidogo, panya zisizaliane. Akapanda kidogo. Msimu wa pili akapanda yote. Akavuna vizuri sana, ule udongo wa mto ni mwekundu, ni mzito, unajua mwenyewe. Siku moja sokoni Kitale akakutana na Gicheru, uso kwa uso. Alikuwa ametoka Kanduyi, huko Bungoma, pahali alikuwa amekodisha chumba ya kushonea.

"Kemboi! Na ile kitabu yangu? Nataka turudi, lakini nianze na kitabu."

"Ilikuwa kwa ghala," Kemboi akasema. "Walichoma ghala, ndugu yangu."

Gicheru akamshika bega. "Pole sana," akasema. "Nilikuletea shida kwa nyumba. Basi hakuna kitu yangu huko tena." Akarudi Kanduyi.

Kesho yake ndio koti nyekundu ilitoka.

Zikaendelea. Ya bluu, ya kahawia, moja ya sketi ya mistari. Zilikuwa zinasimama kwa mpaka, zinaangalia mahindi. Mvua ikinyesha rangi inashuka, maji ya mtaro inakuwa nyekundu na bluu, na Jerono anaziingiza ndani, anazipiga pasi ya makaa, anazirudisha. Majirani walizoea mpaka wakaanika soksi kwa mikono yazo. Chifu mdogo naye akakuja na baiskeli, akauliza kama hiyo mkutano iko na kibali.

"Hazijaongea kitu," Kemboi akamwambia.

"Basi zisiongee." Akafunga kuku moja kwa baiskeli, akaenda.

Ya mwisho kutoka ilikuwa ile ya kijani. Hiyo haikuenda kwa mpaka. Ilisimama kwa mlango, na Kemboi akitaka kutoka ilikuwa lazima apite chini ya mkono wake, ameinama. Akiketi kula, anaiona. Akawa anasukuma sahani.

"Hii imekuja kwako wewe," Jerono akasema. "Si umpelekee mwenyewe kitabu yake?"

"Nikipeleka kitabu, nimepeleka shamba."

"Si hiyo ndio nasema."

Basi akaenda. Akafunga kitabu kwa gunia, na kwa sababu mtu haendi kwa mtu mkono mtupu, Jerono akampimia unga ya ugali kwa mfuko. Makoti yote yakamfuata mpaka barabarani. Kulikuwa na lori inateremka Bungoma, inaenda kuchukua tumbaku Malakisi. Dereva aliuliza tu kama hizo nguo ni abiria ama ni mzigo. Njiani polisi akasimamisha lori, akaona koti moja ya jenerali, akapiga saluti, akafungua njia bila kuomba chai.

Kanduyi, mama mmoja wa kuuza mahindi ya kuchoma, wa ile Kiswahili ya huko ya kugeuza L kuwa R, akamwona anashuka. "Mzee, reo umekuja na jeshi? Na hawa wanakura nini?"

"Hawali, mama."

"Ah! Hiyo jeshi ni mzuri. Ya kwetu inakura sana."

Gicheru alikuwa kwa mlango wa chumba yake, sindano kwa mdomo. Akaangalia makoti yakiingia moja moja. Ile nyekundu ilikuwa imelegea kifungo, akaikaza hapo hapo, akakata uzi na meno. Kemboi akafungua gunia.

"Niliipata," akasema. "Ilikuwa chini ya majivu."

Gicheru akafuta mikono, akageuza kitabu. Dhahabu ya pembeni ilikuwa inang'aa. Akafungua kurasa nyeupe, moja, ingine, ingine. "Mungu ni mkubwa," akasema. Akachukua ile kamba ya kupima, akapima mgongo wa koti ya kijani, halafu akapima mgongo ya Kemboi.

"Umenenepa."

"Ni umri, ndugu yangu."

"Na shamba?"

"Iko tu."

"Nani analima?"

Njia yote kutoka Kitale Kemboi alikuwa amejiambia atasema ni yeye. Akakohoa. "Si unajua watu," akasema.

Wacera alikuwa amepika unga ile ya mfuko, na sukuma wiki. Ugali ilikuwa imeinuka kubwa, inatoa moshi. Akamega kidogo kuonja, mkono ukasimama kwa mdomo. Akaangalia bwana yake. Gicheru naye akamega, akatafuna polepole, akaangalia chini.

"Hii mahindi ni ya upande wa mto," akasema.

Wacera akaleta maji. Kemboi akanawa, rangi nyekundu ikatoka kwa vidole, akanawa tena. Makoti yalikuwa bado yamesimama kwa ukuta, na Gicheru akasema hapana, kwake mgeni hasimami, akavuta benchi zote za wateja mpaka yakatosha. Yakakaa. Ile ya kijani ikakaa karibu na Kemboi.

"Kula, baba," Wacera akamwambia, akamsogezea sahani. "Usione haya. Kula kama uko kwako."

Wakakaa wote, wakakula.