Wa Kushoto Nao Waulizwe

Wewe uliye na mtoto chuo cha ualimu, anayesomea hesabu na sayansi, usitosheke na kumwona amependeza na rula mkononi. Muulize huko chuoni anamfundisha nani.

Binti yangu mkubwa alikuja mazoezi ya kufundisha, akapangiwa shule ileile anayosoma mdogo wake, kitindamimba wangu. Nikafurahi. Mdogo atafundishwa hesabu na dada wa tumbo moja. Kilichobaki ni mkufunzi wa chuo kuja kumkagua darasani. Akifaulu, anahitimu na wenzake. Akifeli, anarudia mazoezi yote. Presha ilianza kunipanda hata kabla mkufunzi hajapanga siku.

Kila nikimuuliza mdogo somo la dada linaendaje, ananiambia vizuri, darasa zima linanyoosha mikono. Roho ikatulia kidogo.

Mchana mmoja tunakula, mdogo akataka kuongezwa wali. Badala ya kusema, akanyoosha mkono wa kushoto, katulia kama sanamu. Dada yake akamkata jicho, akamwambia ashushe.

"Si ulisema asiyejua anyooshe wa kushoto?" mdogo akamjibu. "Mimi sijui kama wali umebaki."

Nikacheka, kisha nikaona mkubwa hacheki. Nikambana mpaka akasema. Chuoni walikuwa wanafundishana wao kwa wao. Mmoja anashika chaki, wengine wanakaa kwenye madawati wakijifanya watoto, mkufunzi yuko nyuma anaweka alama. Wakapatana kubebana: anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto, na mwenye chaki achague wa kulia tu. Mkufunzi akiona msitu wa mikono anatoa alama nono. Mchezo huo ndio binti yangu aliokuja nao kwenye darasa la mdogo wake.

Nikamuuliza, na hao wa kushoto unawafanyaje?

"Mama, chuoni wa kushoto walikuwa wanaigiza. Wote tulikuwa tunajua." Akasukuma sahani. "Sijawahi kukaa na mtu asiyejua kweli."

Ni sawa na kumfundisha mtu udereva kwenye gari lililozimwa. Nikamwambia aanze na huyu aliye mbele yake.

Akavuta kiti, akamuuliza mdogo wake theluthi na robo ipi kubwa. Robo, mdogo akasema, wala hakufikiri. Dada akaeleza kanuni kama alivyofundishwa. Robo. Akaeleza tena, sauti juu zaidi. Robo. Binti anayesifiwa chuo kizima alikuwa anatokwa jasho mbele ya mtoto mwenye punje ya wali shavuni. Maneno yalipomwisha, ndipo akauliza: "Kwa nini unasema robo?"

"Nne inaishinda tatu, dada. Toka darasa la kwanza. Imebadilika lini?"

Dada akachukua gazeti kuukuu, wakaanza kukunja na kuchana vipande, wanavipima kimoja juu ya kingine, mpaka chakula kikapoa.

Mkufunzi alikuja wiki iliyofuata. Yaliyotokea nilisimuliwa na mdogo, na mkubwa hakukanusha. Swali likaulizwa, mikono yote ikapaa. Binti yangu akaitazama, akasema wa kulia washushe. Ikabaki ya kushoto, zaidi ya nusu ya darasa. Akaanza na hao, na magazeti yake. Kengele ikalia hajafika hata katikati ya somo.

Mkufunzi akamwambia somo halikukamilika, alama hazitoshi, itabidi arudie. Kisha akamuuliza mambo ya mikono kayatoa wapi.

"Chuoni, mwalimu. Ulikuwa unatupa alama."

Mkufunzi akafunga mkoba wake. Alama hazikubadilika. Binti yangu akamwomba waletewe watoto wa kweli chuoni, akajibiwa litafikiriwa.

Mzazi mwenzangu, usingoje lifikiriwe. Likizo hii mkalishe mwanao na mdogo wake anayechukia hesabu, au mtoto wa jirani, aone asiyejua anafananaje. Wenzake binti yangu wamehitimu, yeye anarudia, na bado presha inanipanda. Ila jioni wako mezani wote wawili. Jana walifika kwenye desimali, mdogo akanyoosha wa kushoto.

"Haya," dada yake akasema, "tuanze na wewe."