Tumbaku ya Lokiru

Lokiru aliletwa Lodwar kutoka Namoruputh siku ya Jumatatu, saratani ya koo ikiwa imekwisha kuenea. Daktari alimwambia mwanawe, Ekai, kwamba zimebaki wiki mbili, pengine tatu. Mzee aliishi siku kumi.

Ekai alikuwa karani wa serikali na shemasi wa kanisa lake. Ndiye aliyewafundisha waumini kushuhudia nyumba kwa nyumba: salamu, swali, andiko, wito, sala. Kwa mwaka mmoja alikuwa ameandika majina ya watu arobaini na mmoja waliookoka kwa njia hiyo. Jina la baba yake halikuwamo. Lokiru alimwomba Akuj, Mungu wa Waturkana, kama wazee wake walivyomwomba, na hakuwahi kuingia kanisani. Sasa Ekai alitaka jambo moja tu: baba amsikilize kabla hajafa.

Jioni ya kwanza alifika wodini na Biblia.

"Ejok, Apa," alimsalimu baba yake kwa Kiturkana.

"Ejok. Etaba iko wapi?"

Anayemletea mzee habari humtilia kwanza tumbaku mkononi. Mzee huiweka shavuni, hutema, kisha husema, "Haya, leta habari." Ekai aliyajua hayo tangu alipokuwa akichunga mbuzi. Lakini kanisa lake lilikataza tumbaku, na ni yeye aliyesimama mbele ya waumini kueleza sababu.

"Apa, mambo hayo niliyaacha. Nimekuletea habari kubwa kuliko etaba."

"Kubwa namna gani, na mkono mtupu? Hata mwizi wa ngamia akija kuomba msamaha, huja na etaba."

Mwanamke aliyekaa kando ya kitanda cha jirani alicheka. Hakuelewa Kiturkana, ila sauti ya mzee ilichekesha. Aliitwa Godelieve, mkimbizi kutoka Kongo, akimuuguza mumewe Adolphe, aliyehamishwa kutoka Kakuma kwa ugonjwa wa figo.

Kila jioni baada ya kazi Ekai alisimama kando ya kitanda akasoma kwa sauti. Kila jioni baba yake aligeukia ukuta. Siku ya tano Ekai alimuuliza muuguzi kuhusu tumbaku.

"Shemasi, kwa hali yake haitabadilisha kitu," muuguzi alisema. "Akitaka, mpe."

Hakumpa. Aliogopa waumini wangesikia.

Jumatano ya wiki ya pili alikwenda Kakuma kuongoza semina ya siku mbili. Somo lilikuwa namna ya kuwashuhudia ndugu wa damu. Alhamisi saa nne asubuhi simu iliita akiwa katikati ya somo. Alipofika Lodwar alasiri, godoro lilikuwa limekwisha kupanguswa.

Godelieve alimkabidhi vitu vya marehemu: fimbo, kigoda cha kulalia kichwa, na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na tumbaku.

"Nani alimpa hii?"

"Ni miye, papa shemasi. Kila siku alikuwa ananionyesha kinywa. Nilizania ni dawa yenu. Ule baba wa kufagia akanipeleka kwa mama mwenye kuuzisha, pale kwa mlango."

"Lini?"

"Siku ya tatu."

Baba wa kufagia alikuwa Ebenyo, mfagiaji wa wodi, naye ndiye aliyewatafsiria. Aliegemea ufagio wake.

"Mzee aliweka shavuni, akamwambia mama, haya, leta habari. Mama hana habari! Mimi nikacheka. Mzee akauliza, sasa ukifunga macho kabla ya uji, unaongea na nani? Mama akasema, na Mungu. Namtajia Adolphe, watoto wangu, na wewe. Mzee akauliza, huyo Mungu wako analijua jina langu? Mama akasema, tangu ulale hapa analisikia kila asubuhi."

"Baba akasema nini?"

"Akasema mama asiache. Kila asubuhi alikuwa anangoja jina lake litajwe, ndiyo akubali kulowanishwa midomo. Hata leo."

Ekai aliikunja karatasi.

"Mbona hamkuniambia?"

Godelieve alimtazama mumewe, kisha akamtazama yeye. "Ulikuwa unakuya, unasoma, unaenda. Haukukaa, papa."

Walimzika Namoruputh Jumamosi. Baada ya mazishi wazee waliketi, na Adome, mdogo wake marehemu, akanyoosha mkono. Waumini watatu waliokuja na Ekai kutoka Lodwar walikuwa wakitazama. Ekai alitoa ile karatasi mfukoni akammiminia ami yake tumbaku yote iliyobaki.

Adome aliiweka shavuni, akatema kando.

"Haya, leta habari. Ndugu yangu alikufaje?"

Ekai aliketi chini. Akasimulia habari za etaba ambayo mzee aliiomba, za mwanamke mgeni, uji, macho yaliyofungwa, na jina lililotajwa kila asubuhi. Hakutumia andiko wala hakumwita mtu aokoke. Hakuna aliyegeuza uso.

"Huyo Mungu wa mwanamke," Adome alisema, "ndiye huyo wako?"

"Ndiye."

"Na wewe, ndugu yangu alipokuomba etaba, ulimpa nini?"

Ekai alitazama fimbo ya baba yake, iliyolazwa juu ya mawe ya kaburi.

"Nilimsomea," alisema.

Adome aliendelea kutafuna.