Ndege wa Ziwa la Bwawa

Buakeo alikuwa akiosha kikapu cha kupikia wali wa kunata ndege mgeni alipotua ziwani, katikati ya miti mikavu iliyochomoza majini. Majirani wakasogea.

"Mnandi huyo," alisema shemeji yake, Vanh.

"Mnandi gani ana kifua cheupe hivyo?" alidakia jirani. "Kibisi."

"Kibisi mkubwa kama mbuzi? Umelewa asubuhi yote hii?"

Ndege alikohoa, akazama. Buakeo akaweka kikapu chini. Kikohozi kile alilala nacho miaka mingi. Na pale alipozama ndipo ilipokuwa nyumba yao, kabla bwawa la umeme halijafunga mto. Waliambiwa maji yatafika baada ya mavuno. Yalifika mpunga ungali mbichi. Khamphet, mumewe, alikuwa amerudi kumbeba mama yake. Ofisi ya bwawa ilisema hakuna aliyekufa. Eti Khamphet kakimbilia Thailand, kwa mwanamke.

Ndege aliibuka, akapanda juu ya jiwe. Mguu wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho, kile ambacho mumewe alijikata kwa jembe.

"Ni Khamphet," alisema Buakeo.

"Ndiye," Vanh alikubali. "Kakonda."

Mtaalamu wa ndege aliletwa kutoka Vientiane. Alitazama kwa darubini, akafungua kitabu, akakifunga. "Wa aina hii hayumo. Mama akisema ni mumewe, basi ni mumewe."

Buakeo akamleta meneja wa bwawa, Bwana Sengdara, ajionee.

"Haya, sema tena yuko Thailand!"

Bwana Sengdara alimtazama ndege kwa muda. "Kweli ni yeye. Hilo la Thailand nilikosea," alisema kwa upole. "Lakini mama, si unamwona? Anaogelea, mzima kabisa. Nilisema hakuna aliyekufa."

Hekaluni, watawa walikataa kumsomea sala za mazishi mtu anayeonekana kila asubuhi. Buakeo akawa anampelekea wali. Ndege hakuugusa, alikohoa, akarudi chini aliko mama yake.

Mvua zilipokwisha, walitua ndege wengine. Watu wa vijiji vilivyohamishwa walikuja kwa mitumbwi, wakapita kati yao polepole, kila mmoja akimtafuta wake, wakiita majina. Kufikia jioni wote walikuwa wametambuliwa, isipokuwa kinda mmoja. Buakeo aliuliza mtumbwi hadi mtumbwi, kinda akimfuata nyuma. Katika nyumba ya kinda yule hakusalia mtu hai wa kumtambua.